Mmea Uliotunzwa Ugenini

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunza katika methali hii lina maana ya kumtuza mchezaji, yaani kumpa zawadi mbele ya macho ya watu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku neno hilo hilo lina maana ya kulea, kuhifadhi na kukiangalia kitu kisiharibike. Maana mbili hizi hukaa ndani ya neno moja kama ndugu wawili ndani ya nyumba moja, na ujirani wao una mafunzo. Asiyekijua kitu hawezi kukisifu kwa haki. Na asiyeweza kukisifu kwa haki, aghalabu hawezi kukilea. Katika insha hii nimekusudia kuuonyesha ukweli huo kwa habari za mmea mmoja wa majani. Ulicheza kwao miaka isiyo na hesabu bila ya kutuzwa; ukavuka bahari ukapewa majina matatu ya kitaalamu; na leo umerudi kwao katika chungu, ukauzwa kama mgeni.

Jambo lililonitia kalamu mkononi ni dogo. Katika chumba kimoja cha kusomea palikuwa na chungu kando ya dirisha, na ndani yake mmea wa majani mazito, ya kijani kilichoiva, yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta. Chumba kile kilikuwa na mtumishi wake, mzee mwenye huruma, ambaye kila asubuhi kabla ya kufungua milango aliumiminia mmea ule bakuli la maji. Masika yalipoingia majani ya chini yaligeuka manjano na vikonyo vikalegea. Mzee alidhani ni kiu, akaongeza bakuli la jioni. Siku moja alishika kikonyo akitaka kukiinua, kikamfuata mkononi bila ya ukinzani, na sehemu yake ya chini imekuwa uji wenye harufu ya uozo. Aliniita akaniuliza kwa huzuni, "Mwalimu, nimeunyima nini?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hata mimi sijui."

Jibu lile lilinitia haya. Laiti mmea ule ungalikuwa wa China au wa Brazil, ningalijisamehe ujinga wangu. Lakini ni mmea wa nchi zetu. Hukua porini tangu Kenya, ukapita Tanzania bara na Zanzibar, ukashuka Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hata ukafika KwaZulu-Natal katika Afrika ya Kusini. Tulikuwa wenyeji wawili mbele ya mwenyeji mwenzetu, tukamwua kwa ukarimu, kwa sababu hatukujua habari zake. Nikaazimia kuzitafuta.

Jina lake katika vitabu vya elimu ya mimea ni Zamioculcas zamiifolia. Wauzaji wa maua walilifupisha jina hilo refu kuwa herufi mbili tu, ZZ, na msemaji wa Kiswahili akizitamka herufi hizo hupata neno zizi, kana kwamba anataja boma la ng'ombe. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na magimbi tuyalayo. Hauna shina lionekanalo. Chini ya ardhi una tunguu nene kama kiazi. Juu ya ardhi hutoka vikonyo vinene, vilivyovimba chini na kuchongoka juu, na kila kikonyo hubeba vijani vingi vilivyopangwa pande mbili kama unyoya wa ndege. Mtu autazamapo mara ya kwanza hudhani kwamba kila kikonyo ni tawi, ilhali kikonyo kizima pamoja na vijani vyake ni jani moja tu. Ua lake hutokea karibu na udongo, dogo na lisilo na fahari, nalo hujificha chini ya majani. Kwa hiyo hata mpenda maua angaliweza kupita porini mara mia bila ya kuligeukia.

Habari zake zilizoandikwa huanzia mwaka wa 1829, na mahali pa kuanzia si pwani yetu bali ni Hackney, upande wa mashariki wa London. Hapo palikuwa na kitalu mashuhuri cha jamaa ya Loddiges, ambao walipokea mimea ya nchi za joto kutoka kila bandari, wakaiotesha katika nyumba za vioo zenye kupashwa joto, na wakatoa kitabu chenye picha zake, The Botanical Cabinet. Katika kitabu hicho mmea wetu ulichapishwa kwa mara ya kwanza, ukaitwa Caladium zamiifolium. Maana ya jina hilo ni kaladi yenye majani kama ya zamia, na zamia ni mmea mwingine kabisa, wa ukoo wa mbali. Aliyeutaja aliufananisha na alivyovijua; hivyo ndivyo wageni wote wafanyavyo, na si wageni wa Ulaya peke yao.

Mwaka huo huo wa 1829, katika mji huo huo wa London, lilitukia jambo jingine lililobadilisha historia ya mimea ya nyumbani. Alikuwako tabibu aliyeitwa Nathaniel Bagshaw Ward, mkaazi wa mashariki ya mji karibu na gati za meli. Alipenda sana makangaga, lakini moshi wa makaa ya mawe uliyaua kila alipojaribu kuyapanda. Siku moja alitia kifukofuko cha nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa pana, akaifunika, akingoja kumwona mdudu akitoka. Kabla ya mdudu kutoka, kangaga dogo na jani la nyasi vilichipua katika udongo ule. Ward aliangalia akaona kwamba mchana unyevu ulipanda ukashika kioo, kisha ukarudi chini udongoni, na kwamba masizi ya mji hayakuweza kuingia. Mimea ile miwili iliishi ndani ya chupa karibu miaka minne bila ya kunyweshwa maji.

Kutokana na chupa hiyo lilizaliwa sanduku la kioo lililoitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1833 Ward alipeleka masanduku mawili yaliyojaa makangaga, kuvu za mawe na nyasi mpaka Sydney, katika meli ya nahodha Charles Mallard, na mimea ikafika hai baada ya safari ya miezi. Mwaka wa 1834 masanduku yale yalijazwa mimea ya Australia yakarudi London kwa njia ya Cape Horn, yakapita baridi kali na joto kali, na mimea ikafika salama. George Loddiges wa kile kitalu cha Hackney alikuwa rafiki wa Ward, na alishiriki katika majaribio hayo. Baadaye alishuhudia kwamba zamani katika kila mimea ishirini aliyoagiza kutoka ng'ambo kumi na tisa ilikufa njiani, na kwamba kwa kutumia sanduku hesabu ilipinduka, kumi na tisa ikapona ikafa mmoja. Ward mwenyewe alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka wa 1842. Na kodi ya vioo ilipofutwa Uingereza mwaka wa 1845, kioo kikawa rahisi, na watu wa kadiri wakaweza kuweka sanduku la namna hiyo katika baraza zao.

Hapa msomaji na aangalie jambo moja. Sanduku la Ward halikusafiri baharini kabla ya mwaka wa 1833, na mmea wetu ulikwisha kuwa Hackney mwaka wa 1829. Basi haukupata hifadhi ya sanduku hilo. Uliingia London katika zama zile ambazo mimea kumi na tisa katika ishirini ilikufa njiani, nao ukawa katika wale waliopona. Msafiri wa namna hiyo hakika alichukua akiba yake mwenyewe. Na akiba hiyo, kama tutakavyoona, ndiyo siri ya matunzo yake hata leo.

Lakini tusidhani kwamba sanduku la kioo lilikuwa chombo cha mapambo tu. Baina ya 1848 na 1851 Mwingereza Robert Fortune alilitumia kuchukua maelfu ya miche ya chai kutoka China mpaka India. Mwaka wa 1876 mbegu za mpira zilizotolewa Brazil zilioteshwa katika bustani ya Kew, na mwaka huo huo miche yapata 1,900 ilipelekwa Ceylon ndani ya masanduku hayo. Kutokana na safari kama hizo yalizaliwa mashamba makubwa ya Asia, na baadaye biashara ya mpira ya Brazil ikaanguka. Kioo kile kile kilichopamba baraza ya bibi wa London kilihamisha utajiri wa mataifa. Mapambo na utawala vilisafiri katika sanduku moja.

Turudi kwa mmea wetu. Mwaka wa 1856 Heinrich Wilhelm Schott, mtaalamu wa Vienna aliyetumia maisha yake kuchungua ukoo wa magimbi, aliona kwamba mmea huu si kaladi hata kidogo. Akauundia jamii yake peke yake, Zamioculcas, akauita Zamioculcas loddigesii kwa heshima ya wenye kitalu. Neno hilo ni la kuungwa. Nusu ya kwanza ni zamia. Nusu ya pili yatokana na qulqas, jina la Kiarabu la jimbi. Kwa hiyo, ndani ya jina lionekanalo kuwa la Kizungu na Kilatini, limo neno la Kiarabu la chakula ambacho mama zetu wa pwani hukipika kwa nazi. Mwaka wa 1905 Adolf Engler wa Berlin alirekebisha tena, akaunganisha jina la jamii la Schott na jina la majani lililotolewa Hackney, likawa Zamioculcas zamiifolia. Na hilo ndilo lililosimama mpaka sasa.

Engler hakuwa mtu wa mbali na nchi zetu. Mwaka wa 1895 alitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1902 alifika mwenyewe Usambara, mwaka ambao Wadachi walianzisha kituo chao cha uchunguzi wa mimea huko Amani. Milima ile ilikuwa imekwisha kutoa mmea mwingine uliopata sifa duniani. Mwaka wa 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kidachi katika wilaya ile, alipeleka Ujerumani mbegu za ua dogo la rangi ya urujuani, na mwaka wa 1893 likaandikwa vitabuni kwa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Mwaka huo huo wa 1893 mkonge wa kigeni uliingia Tanga kwa kazi ya Richard Hindorf; katika miche iliyotoka Florida ilibaki hai 62 tu, nayo ikawa mama wa mashamba yote ya mkonge katika nchi. Basi katika mwaka mmoja na katika pwani moja ua letu lilipewa jina la mtu wa Ulaya, na mmea wa Amerika ulipewa jina la Kiswahili na mashamba yetu. Tangu hapo kila mtoto wa shule aliujua mkonge. Ua la Usambara lilijulikana zaidi madirishani pa Ulaya kuliko pa Korogwe.

Na ile zamiokulka yetu? Ilikaa katika nyumba za vioo za bustani za elimu zaidi ya miaka mia na sitini, ikitazamwa na wachache. Haina ua la kuvutia, na hukua polepole mno. Nyumba za Ulaya za karne ya kumi na tisa zilipendelea mimea mingine iliyovumilia giza na moshi wa taa za gesi. Lakini maisha ya watu yalibadilika. Maofisi yalijaa, madirisha yakafungwa, hewa ikapozwa au kupashwa joto kwa mitambo, na wenye nyumba wakawa watu wa safari na kazi nyingi, wasioweza kukumbuka chungu kila siku. Mwaka wa 1996 wenye vitalu wa Uholanzi walianza kuizalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara, na katika muda usiofika kizazi kimoja ikaenea katika mabenki, mahoteli na vyumba vya kungojea vya dunia nzima. Korea ya Kusini ilipatikana aina yenye majani karibu meusi, ikapewa hataza Marekani. Na mwisho mmea ukarudi Nairobi na Dar es Salaam, umesimama katika chungu cha kung'aa, na bei yake imebandikwa.

Sasa tujibu swali la mzee: aliunyima nini? Jibu limeandikwa katika mwili wa mmea wenyewe, kwa kuwa mwili huo ni historia ya makazi yake. Kwao hukua penye udongo mwepesi wenye mawe, chini ya kivuli cha miti ya nyanda na misitu mikavu, mahali ambapo mvua hunyesha kwa msimu kisha hukatika kwa miezi. Kwa hiyo tunguu lake ni ghala la maji, na uvimbe wa kikonyo ni ghala la pili. Ukame ukizidi, hudondosha vijani vyake na kubaki na vikonyo. Kijani kilichoanguka hakifi bure. Penye unyevu kidogo huota mizizi, huvimba kikonyo chake kidogo kikawa kitunguu, na kutokana nacho huzaliwa mmea mpya. Tena, mwaka wa 2007 wataalamu walitangaza kwamba mmea huu waweza kuvuta hewa yake wakati wa usiku, hasa ukiwa na kiu, ili matundu ya majani yasipoteze maji katika jua la mchana. Hiyo ni desturi tuijuayo kwa mimea ya jangwani, na ni nadra katika ukoo wa magimbi, ambao wengi wao hupenda mabonde ya maji.

Ayajuaye hayo hahitaji kufundishwa matunzo kwa maneno mengi. Atauweka penye nuru ya dirisha isiyo na jua kali, kwa maana ulizaliwa chini ya kivuli. Gizani pia utaishi, lakini utakua kwa uchovu. Atauchagulia chungu chenye tundu chini, na udongo uliochanganywa na mchanga au changarawe, ili maji yapite kama yapitavyo kati ya mawe. Atamimina maji ya kutosha, kisha ataacha mpaka udongo ukauke ndani, wala si juu tu. Na katika miezi ya baridi ataacha zaidi. Mbolea ataitia kidogo, wakati mmea uoteshapo majani mapya. Vumbi atalipangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu jani lililofunikwa halili nuru. Tunguu likijaa na kuvimbisha chungu, atauhamishia katika kingine kikubwa kidogo. Akitaka kuuzalisha, atapanda kijani kimoja katika mchanga wenye unyevu mdogo na kusubiri kwa miezi mingi, kwa maana haraka si tabia yake. Na akiwa na watoto wadogo atauweka mbali na vinywa vyao, maana maji yake, kama ya magimbi mabichi, yana chembe ziwashazo mdomo na ngozi.

Hivyo mzee wetu hakuunyima mmea maji. Aliunyima kiangazi. Katika kila dakika ya mwaka aliupa masika, na kiumbe aliyejengwa kwa ajili ya masika na kiangazi hawezi kuishi kwa masika peke yake. Huruma yake ilikuwa kamili. Kilichopungua ni habari. Na habari hizo hazikuwa zake kuzizua. Zilikuwa zetu kumpa, sisi tuliosoma, nasi hatukuwa nazo.

Pengine mtu atasema kwamba nakuza jambo dogo, na kwamba wageni waliouchora mmea, wakautaja na kuuzalisha walifanya kazi ambayo hatukuifanya, basi wana haki ya faida yake. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Kuwalaumu waandikao kwa kosa la wasioandika si haki. Lakini si kweli kwamba mmea huu haukujulikana na mtu kwao. Katika Usambara ya Mashariki maji ya majani yake yametumiwa kutibu maumivu ya sikio, na katika Tanzania majani yaliyopondwa yamebandikwa juu ya uvimbe wa ugonjwa uitwao mshipa. Waganga waliofanya hivyo waliujua unakoota, waliutenga na mimea mingine, na hapana shaka waliuita kwa majina. Walikuwa na elimu yake katika vinywa na mikono. Lakini elimu ya kinywani husafiri mpaka kaburini pamoja na mwenye kinywa, kama hakuna wa kuipokea.

Wala si kweli kwamba watu wetu hawakujua kulitukuza jani lisilo na ua. Katika Kilimanjaro Wachaga wana masale, mmea ambao wataalamu huuita Dracaena fragrans. Hupandwa kuwa mpaka wa vihamba na kuzunguka makaburi ya wazee. Na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi, na ni vigumu kwa mwungwana kulikataa. Mmea huo huo hukaa vyunguni katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani kama pambo la pembeni. Huku ni shahidi wa mipaka na mpatanishi wa magomvi. Kule ni kivuli kando ya kiti. Masale hayakusahauliwa kwao hata yalipokuwa bidhaa ugenini, kwa sababu yana jina, yana kazi, na yana hadithi ambazo mtoto husimuliwa. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mmea uliotunzwa na mmea ulioachwa uende peke yake.

Elimu ya kuandikwa nayo haikukosekana katika nchi zetu. Hazina ya mimea iliyokaushwa iliyoanzishwa Amani mwaka wa 1902 ilihamishiwa Nairobi mwaka wa 1950, na huko imehifadhiwa kwa ajili ya Afrika ya Mashariki nzima. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka wa 1952, kikakamilishwa mwaka wa 2012, na ndani yake mna aina zaidi ya 12,000. Kazi ya miaka sitini ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa lugha ya wataalamu, na mzee wa chumba cha kusomea hawezi kukifungua akapata jibu. Kati ya hazina hiyo na bakuli lake la maji pana mto, na daraja la mto huo ni Kiswahili. Kama wanachuo hawataijenga, sijui tumngojee nani.

Haja ya daraja hilo si ya elimu tu; ni ya haki pia. Itifaki ya Nagoya, iliyokubaliwa mwaka wa 2010 na kuanza kutumika mwaka wa 2014, yataka faida zitokanazo na mimea, na na elimu ya wenyeji juu ya mimea hiyo, zigawanywe kwa uadilifu pamoja na nchi na jamii zilikotoka. Ilikuja baada ya zamiokulka kukaa ng'ambo karibu karne mbili. Lakini misitu yetu ina mimea mingine mingi, na siku nchi yetu itakapodai haki juu ya mmoja wao, itaulizwa: nani waliujua, wapi, kwa jina gani, na kwa kazi gani? Asiye na maandishi atajibu kwa ishara za mikono. Mali bila daftari huisha bila habari. Na methali hiyo, iliyotungwa kwa ajili ya wafanya biashara, yatosha kuwa onyo kwa wanahistoria.

Kwa hiyo naona kwamba mwanafunzi arudiye kwao wakati wa likizo ana kazi ndogo iliyo kubwa. Na amwendee mzee ajuaye misitu, amwamkie kwa adabu, aende naye hatua chache nje ya kijiji, na aandike: jina la mmea kwa lugha ya mahali, udongo unapoota, mwezi unapochipua, na kazi ambayo watu waliutumia. Ukurasa mmoja watosha. Kurasa mia kutoka vijiji mia ni kitabu, nacho hakitakuwa cha kubahatisha.

Siku ile, kabla ya chungu kutupwa, niliokota kijani kimoja ambacho uozo haukukifikia. Tulikipanda, mimi na mzee, katika kopo lenye mchanga. Nilimweleza niliyoyasoma juu ya mawe, kivuli na kiangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni mtu wa nyika. Mbona hamkuniambia tangu mwanzo?" Tangu hapo bakuli alilitumia mara moja kwa majuma kadhaa, baada ya kutia kidole mchangani na kuridhika kwamba pamekauka. Mwezi wa saba tulifukua kidogo kwa uangalifu. Chini ya kijani kile palikuwa na kitunguu kisichozidi punje ya kunde, cheupe, kigumu, na kimejaa maji yake.